Kwaresima Siyo Dayati



Kila mwaka Jumatano ya Majivu inapokaribia, maneno ya aina moja husikika katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu hapa Elerai, kwenye mazoezi ya kwaya, na hata mezani kwetu seminarini: "Mwaka huu nafunga siku zote arobaini, lazima hiki kitambi kiishe." Mmoja anaacha ugali. Mwingine anaacha chakula cha jioni. Mwingine amekwisha kununua majani ya chai ya kupunguza mwili, ili Pasaka imkute na kiuno kipya. Hakuna anayeshangaa. Tunacheka, tunapongezana, tunaendelea.

Maoni yetu ni kwamba mazungumzo haya yamebeba makosa mawili kwa pamoja. La kwanza ni la afya: mengi tunayoyaamini kuhusu kupunguza uzito si ya kweli. La pili ni la imani: tumeanza kuupima mfungo kwa mizani. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja. Tunatafuta njia ya mkato mahali panapohitaji fadhila ya kiasi.

Kwanza tuseme wazi kwamba kutaka kupunguza uzito si dhambi wala si majivuno. Mafuta yanapojaa tumboni, hatari ya kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo huongezeka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, ameufanya uzito kuwa mazungumzo ya taifa zima. Wapo waliomtania mitandaoni, lakini jambo lenyewe si la utani. Shida ni kwamba ushauri wa daktari ukipita midomo kumi, hufika jumuiyani ukiwa umebaki neno moja: "Usile." Neno hilo anaambiwa mwenye kitambi, mama anayenyonyesha, bibi mwenye kisukari na kijana anayebeba mizigo sokoni Kilombero, wote sawasawa.

Yanayosemwa mtaani

Tuanze na linalosemwa zaidi: "Ugali unanenepesha." Ukweli ni kwamba hakuna chakula kimoja chenye hatia peke yake. Mwili huongezeka unapopokea nguvu nyingi kuliko unazotumia, siku baada ya siku. Gramu moja ya wanga, uwe wa ugali, wali au ndizi, hutoa kilokalori 4 hivi. Gramu moja ya mafuta hutoa 9, na ya kilevi 7. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120 hivi. Kwa hiyo anayepunguza matonge mawili ya ugali, kisha akaendelea kukaanga mchicha kwa vijiko vitano vya mafuta, ameacha kidogo na kubaki na kingi. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai 9 hivi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vema sukari ya kuongezwa isizidi vijiko 6 vya chai kwa siku. Ni wangapi kati yetu tunaulaumu ugali huku tukiteremshia soda? Ni kweli kwamba dona ni bora kuliko sembe, maana pumba na kiini cha hindi hubaki, na nyuzinyuzi zake humshibisha mtu kwa muda mrefu. Hata hivyo mlima wa dona bado ni mlima.

La pili ni kinyume cha la kwanza: "Nyama haina wanga, kula utakavyo." Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu Kwa Mrombo ameagiza kilo ya nyama choma, amezikataa ndizi kwa sababu yuko kwenye dayati, na mbele yake kuna bia tatu. Bia moja ya mililita 500 ina kilokalori 200 hivi, na mafuta ya nyama yana hesabu yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 609 kwa miezi 12. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga, na wote walihimizwa kula vyakula visivyokobolewa wala kuongezwa sukari. Kundi la kwanza lilipungua kilo 5.3 kwa wastani, la pili kilo 6.0. Tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Ndani ya kila kundi wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka. Maana yake hakuna njia moja iliyo mshindi kwa watu wote, na kinachomfaa mtu ni kile anachoweza kukiishi mwaka mzima bila kuugua wala kufilisika.

La tatu ni furaha ya wiki ya kwanza. Mtu anaacha wanga siku ya Jumatatu, na Jumapili baada ya Misa anatangaza kwamba kilo tatu zimekwisha kuondoka. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji. Akiba ikitumika, maji hutoka. Mtu akirudia kula kama zamani, maji hurudi, naye husema ameshindwa au amerogwa. Vilevile kwa anayekimbia asubuhi amevaa makoti mawili ili "mafuta yayeyuke". Jasho ni maji na chumvi. Akinywa maji, uzito ule unarudi. Na anayefanya mazoezi ya tumbo peke yake atapata misuli imara chini ya kitambi kilekile, kwa sababu mwili hauchagui kuchoma mafuta ya mahali tunapopaonyesha kwa kidole.

La nne ni chai za kupunguza, maji ya moto ya limao, na dawa za "kusafisha mwili". Kazi ya kusafisha mwili Mungu ameipa ini na figo, na zinaifanya usiku na mchana. Limao na tangawizi ni viungo vizuri, ila haviyeyushi mafuta. Baadhi ya chai hizo huwa na majani ya kuharisha, na kinachopungua ni maji na choo. Mwenye kutumia dawa za moyo au za shinikizo la damu anaweza kudhurika kweli.

Kwa hili sisi wa mkoa wa Arusha tungepaswa kuwa walimu wa wengine. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipita hapa mjini kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyosemwa kuponywa. Wapo waliotoka wodini kwenda huko, wapo walioacha dawa zao, na wapo waliofia kwenye foleni ya magari. Hatuwacheki waliokwenda, kwani mgonjwa hutafuta uzima popote anapousikia. Tunachosema ni kwamba hamu ya kikombe kimoja kinachomaliza yote haikuisha mwaka ule. Leo inauzwa kwenye pakiti yenye picha ya kiuno chembamba.

La tano ndilo linalotugusa sisi watu wa mifungo: "Kadiri unavyojinyima zaidi, ndivyo unavyoitawala nafsi zaidi." Katika miaka ya 1944 na 1945, chuoni Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwalisha vijana 36 chakula pungufu kwa wiki 24. Walikuwa wamejitolea kwa hiari, watu waliokataa vita kwa dhamiri, wengi wao wakitoka katika makanisa yanayopinga kumwaga damu. Walitaka kusaidia kujua namna ya kuwahudumia walioathirika na njaa ya vita. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini wengi wao waliwaza chakula mchana kutwa, wakaota chakula usiku, wakasoma vitabu vya mapishi, wakawa wakali na wapweke. Kama njaa peke yake ingekuwa inaleta utakatifu, wale wangekuwa wa kwanza kuupata. Njaa isiyo na kiasi iliwafunga kwenye kile kile walichonyimwa.

Kiasi ni nini?

Neno hili "kiasi" tunalisema sana, na mara nyingi tunalielewa vibaya, kama vile ni kula nusu sahani kwa kila mtu. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anatoa mfano ambao kila anayehangaika na uzito angeufurahia. Anasema tuchukulie mina 10 za chakula ni nyingi na mina 2 ni chache. (Mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki.) Mwenye hesabu atasema kati ya hizo ni 6. Mwalimu wa mazoezi hataagiza 6 kwa kila mtu, kwa sababu 6 zitakuwa chache kwa Milo, yule mpiga mieleka mashuhuri wa kale, na nyingi kwa anayeanza mazoezi leo. Kiasi cha fadhila hupimwa kwa mtu mwenyewe, kwa akili na busara, wala hakitolewi kwa rula.

Tuulete mfano huo Elerai. Fundi ujenzi anayepandisha zege tangu saa moja asubuhi anaihitaji sahani yake kubwa ya makande. Karani anayepanda bodaboda kwenda kazini, anakaa saa nane kwenye kiti, kisha anarudi kwa kifodi hadi mlangoni, haihitaji. Babu zetu wa Kiarusha na Kimeru walikula loshoro na ndizi, wakapanda na kushuka miteremko ya Mlima Meru kwa miguu. Tumebaki na sahani yao, miguu tumeiacha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku tano kunatosha kuzifikia. Hakuna pakiti ya kununua.

Mwili wa jirani si kitabu cha dhambi zake

Kuna kosa jingine ambalo halizungumzwi, nalo linaumiza watu ndani ya kanisa. Tunausoma mwili wa jirani kama cheti cha tabia. Zamani kitambi kilisomwa kama baraka: "Mambo yamemnyookea." Mwembamba alisomwa kuwa na ugonjwa, au kwamba mkewe hampikii. Leo usomaji umegeuka kwa wengi: mnene anasomwa kuwa mvivu na mlafi. Binti wa VIWAWA anataniwa mbele ya wenzake, naye anacheka kwa nje. Kesho yake anaacha kula, na keshokutwa anaacha kuja.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, ambaye mapokeo yanasema alikuwa mtu wa mwili mkubwa na wenzake darasani wakamwita "Ng'ombe Bubu", anatusaidia hapa. Akifuata mafundisho ya Mtakatifu Gregori Mkuu, anaeleza kwamba ulafi una namna tano: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kuhangaikia mno namna chakula kilivyoandaliwa. Angalia vizuri: kati ya hizo tano, ni moja tu inayohusu wingi. Kwa hiyo mtu mwembamba kabisa anaweza kuwa mlafi, akirudisha sahani jikoni kwa sababu nyanya hazikuiva atakavyo. Hata mtu wa dayati anayeongea juu ya chakula chake kutwa nzima ana la kujiuliza. Na mtu mnene anaweza kuwa mwenye kiasi. Unene una sababu nyingi: maumbile ya kurithi, uzazi, kukosa usingizi, kazi za usiku, na baadhi ya dawa ambazo mgonjwa hana hiari nazo. Aonaye tumbo hajauona moyo.

Basi tunafunga kwa nini?

Kanisa linadai kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa, kujinyima nyama kunawahusu waliotimiza miaka 14, na kufunga kunawahusu watu wazima hadi wanapoanza mwaka wa 60. Siku za kufunga kwa lazima ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Katika Katiba ya Kitume Paenitemini ya tarehe 17 Februari 1966, Papa Paulo VI alieleza kwamba mfungo ni mlo mmoja kamili, bila kukataza chakula kidogo asubuhi na jioni. Kanuni ya 1245 inampa Paroko uwezo wa kumwondolea muumini wajibu huo kwa sababu ya haki, au kuubadilisha kuwa tendo jingine la ibada. Mwenye kisukari anayechoma insulini, mjamzito, anayenyonyesha na mwenye vidonda vya tumbo, mwili wao una haki mbele ya Kanisa. Kuuhatarisha uhai ili usipitwe na wenzako si toba.

Kisha tusome Isaya sura ya 58. Nabii anaupima mfungo kwa mwenye njaa aliyegawiwa chakula na asiye na makao aliyepokelewa nyumbani. Hapa ndipo tofauti ya dayati na mfungo inapoonekana. Katika dayati, kile nisichokula kinabaki kuwa faida yangu: nimepungua, nguo zinanitosha, watu wananisifu. Katika mfungo, kile nisichokula lazima kiende mahali. Utafiti ule ule wa 2015-16 uliosema asilimia 28 ya wanawake wamezidi uzito, ulisema pia kwamba asilimia 10 walikuwa na uzito pungufu, na kwamba watoto 34 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Aliyezidi na aliyepungukiwa wanaishi nchi moja, mara nyingine mtaa mmoja. Ukiacha soda moja kila siku kwa siku 40, mkononi una fedha za soda 40. Zikirudi mfukoni mwako, umefanya dayati. Zikimfikia mtoto wa jirani kama maziwa na mayai, umefunga.

Tunajua baadhi yenu mtauliza: kuna ubaya gani mtu akipata vyote viwili, roho na mwili? Hakuna ubaya. Anayefunga kwa kiasi na akapungua kilo mbili amshukuru Mungu. Swali letu ni kuhusu lengo, kwa sababu lengo ndilo linaloamua kitakachotokea Jumatatu ya Pasaka. Aliyefunga ili apungue huivamia nyama choma, na kabla ya Pentekoste kilo zote zimerudi. Aliyejifunza kiasi hana sababu ya kuvamia. Tena Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 6, anataka mfungo ufanyike kwa siri mbele ya Baba. Mfungo unaopigwa picha kiunoni wiki kwa wiki na kutumwa kwenye kundi la simu una siri gani?

Basi tunapendekeza mambo machache kwa jumuiya zetu. Anayetaka kupunguza uzito aanzie zahanati, apimwe shinikizo la damu, sukari na mzunguko wa kiuno, apange njia anayoiweza mwaka mzima, na asiifungie ndani ya siku 40. Bandu bandu huisha gogo. Apunguze sukari, mafuta ya kukaangia na pombe kabla ya kuushitaki ugali. Mnafu na maharage vijae sahani. Miguu ipewe kazi. Mwenye ugonjwa amwone daktari, kisha amwone Paroko, kabla ya kuahidi mfungo wowote. Viongozi wa jumuiya wakatae kugeuza mkutano wa sala kuwa mahali pa kuuzia dawa za kupunguza mwili. Utani juu ya maumbile ya watu tuufunge kabla ya kufunga kitu kingine chochote. Na kila jumuiya iwe na kapu moja la Kwaresima, ambalo kile kilichoachwa mezani kinaingia humo kwa thamani yake, nalo lipelekwe kwa familia inayojulikana kuhitaji.

Pasaka itakapofika, habari za kilo tuiulize mizani ya zahanati. Habari za mfungo wetu, jirani ndiye atakayezijua.

Tunawatakia Kwaresima njema.